Maneno Pembeni mwa Picha: Mwandiko wa Msanii kama Matini ya Fasihi, kutoka Kiboko hadi Lubumbashi

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Mombasa, baada ya kupita Sultan Hamud na Emali, hufika Kiboko kabla hajafika Makindu. Mahali penyewe si pakubwa. Pana mto, pana chemchemi zinazolishwa na mvua inayopenya katika mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, pana kituo cha utafiti wa kilimo, na pana barabara kuu ambayo malori yenye shehena ya bandarini huipita usiku na mchana kwenda Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki. Mwandishi wa makala haya amesubiri usafiri kando ya barabara hiyo mara nyingi kiasi cha kuizoea migongo ya malori kama mtu azoeavyo kurasa za diwani. Nyuma ya lori aghalabu pana picha iliyopakwa kwa mkono, ya simba labda, au ya tai, na chini yake pana neno moja au mawili. Maneno hayo hayaielezi picha. Asomaye hana budi kumwuliza dereva, na dereva akiwa na nafasi atasimulia habari za deni lililolipwa, za ndugu aliyemtupa, za safari iliyokaribia kumuua.

Jina la mahali hapo lina tabia iyo hiyo. Kiboko ni mnyama wa majini. Kiboko vilevile ni mjeledi uliokatwa katika ngozi ya mnyama huyo, mjeledi ambao chini ya utawala wa Wajerumani ulifungamana na hesabu ya hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano kwa mpigo mmoja wa hukumu. Na katika mazungumzo ya kila siku, mtu hodari asiye na mshindani naye huitwa kiboko. Likiwa limeandikwa kwenye kibao cha barabarani, neno hili halimwambii msafiri ni kiboko kipi. Mjeledi tutakutana nao tena hapo mbele, katika picha ambayo haiutaji kwa jina.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maandishi ya mkono ambayo msanii wa picha huyaandika katika daftari lake la michoro, au pembeni mwa picha, au juu ya picha yenyewe, na kuuliza kama yanastahili kuhakikiwa kama sanaa. Huko Ulaya swali hili limezoeleka kwa kiasi. Madaftari ya Leonardo da Vinci, yaliyoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kwa mkono wake wa kushoto, husomwa leo na watu wasiojali sana mitambo aliyoichora. Eugène Delacroix alipokwenda Moroko mwaka 1832 alijaza madaftari yake kwa rangi za maji, na baina ya picha akaandika maneno ya haraka haraka kuhusu rangi ya ukuta, vazi la mpanda farasi, jina la mahali. Na madaftari hayo sasa huhesabiwa miongoni mwa kazi zake bora. Hata hivyo, wanahistoria wa sanaa huyatumia maandishi ya namna hii zaidi kama ushahidi wa jinsi picha ilivyotengenezwa, na wahakiki wa fasihi huwaachia wanahistoria wa sanaa. Hivyo yanabaki bila mwenyewe.

Dai letu ni kwamba katika Afrika ya Mashariki na Kongo maandishi hayo yana mwenyewe tangu zamani. Ubora wake hautokani na uzuri wa mwandiko. Unatokana na jinsi yanavyopungukiwa kwa makusudi, yakamwachia msimulizi nafasi ya kuingia. Tutalijenga dai hili juu ya visa vitatu visivyolingana uzito: daftari la Mjerumani mmoja lililochorwa na wapagazi mwaka 1906, hati za Muhamadi Kijumwa wa Lamu, na picha za Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, ambazo ndizo zitakazochukua sehemu kubwa ya makala.

Daftari la mgeni, mkono wa mpagazi

Kuandika juu ya kitu kilichopambwa si jambo lililoletwa na shule peke yake. Katika Ukambani wa Kitui na Makueni vibuyu huchanjwa picha za watu, wanyama na jua, na kusoma kulipoenea herufi nazo zikapata nafasi yake kwenye ganda lilo hilo. Upande wa pwani, kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na jina la kanga, kama ajuavyo kila aliyewahi kuletewa kanga yenye jina baya, halina maana kamili mpaka ijulikane nani amempa nani, na kwa sababu gani. Wafanyabiashara wa Mombasa, kama Kaderdina Hajee Essak na kanga zake za “Mali ya Abdulla”, waliielewa fani hii vizuri kabla ya mhakiki yeyote.

Lakini daftari la michoro lenyewe, karatasi na penseli, liliingia hasa kwa mkono wa mgeni. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika kusini mwa koloni la Wajerumani, akapita Lindi, Masasi na Newala, wakati vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 vilikuwa havijazimika kabisa. Alikuwa na santuri za nta za kunasia nyimbo na kamera ya picha zinazokwenda. Alikuwa pia na karatasi na penseli, akawapa watu wachore. Kitabu alichokitoa mwaka 1908, na ambacho Alice Werner alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1909, kimechapisha baadhi ya michoro hiyo pamoja na majina ya wachoraji. Pesa Mbili, mnyampara wa wapagazi, alichora msafara ukiwa njiani. Bakari, Msukuma, alichora meli iitwayo Rufiji. Barnabas, mtu aliyesoma, alichora kundi la tembo. Na Sabatele, Mmambwe, alichora ramani ya njia kuu ya misafara pamoja na vituo vyake.

Ramani ya Sabatele inastahili kutazamwa kwa makini na mtu wa fasihi. Yeye hakuipima nchi kwa dira. Aliipanga kama aipangavyo mtu aliyeitembea kwa miguu na mzigo kichwani: kituo baada ya kituo, kwa utaratibu wa kufika. Huo ni utaratibu wa masimulizi. Kila kituo kilichochorwa ni mahali ambapo masimulizi husimama, kama vile mpagazi wa njia ya Mombasa alivyoweza kuhesabu Kibwezi, Makindu, Kiboko bila kuwa na haja ya kusema pana umbali gani baina yake, kwa sababu umbali aliujua mgongoni.

Tatizo ni maneno. Katika kitabu, maandishi yaliyo chini ya michoro hii ni ya Weule, na yanatoa vitu vitatu tu: kilichochorwa, jina la mchoraji, na kabila lake. Ni maandishi ya lebo ya makumbusho. Tunashukuru kwamba majina yametajwa, maana wasafiri wengi wa wakati ule hawakujali hata hilo. Lakini Sabatele aliyesimulia njia yake kwa mdomo ameingia katika kumbukumbu kama mkono uliochora tu, na mdomo umefanyiwa kazi na mtu mwingine, katika lugha nyingine, kisha ukafasiriwa tena. Mwaka 1906 kalamu ya kuchora na kalamu ya kuandika zilikuwa katika mikono miwili tofauti ndani ya daftari moja. Historia tunayoifuata hapa ni historia ya kalamu hizo mbili kukaribiana.

Kijumwa na hati yake

Alice Werner mwenyewe anatupeleka kwenye kisa cha pili. Baada ya kumfasiri Weule alikuja pwani ya Kenya, na huko Lamu akakutana na Muhamadi bin Abubakari Kijumwa, ambaye baadaye aliwaandikia hati yeye, William Hichens na Ernst Dammann. Kijumwa, aliyezaliwa kati ya miaka ya 1850 na kufariki mwaka 1945, alikuwa mchonga milango, mwandishi wa khati, mshairi na mtu wa muziki. Kwa hiyo hapa msanii wa mikono na mwandishi ni mtu mmoja. Hati yake ya utenzi wa Fumo Liyongo, ya mwaka 1913, ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya yale ambayo wanafunzi wetu huyasoma kuhusu shujaa huyo.

Wanafunzi hao huyasoma katika herufi za Kirumi, katika beti zilizopangwa na mashine. Mapambo hayamo. Pambizo hazimo. Wahariri wengi wa hati za Kiswahili wamechukua msimamo kwamba utenzi ni maneno na mengine yote ni chombo, kama mtu anayemimina maziwa na kukitupa kibuyu. Jambo hili lingekuwa la kusameheka kama mapokeo yenyewe ya utenzi yangekuwa kimya kuhusu mkono uandikao. Lakini kinyume chake ndicho kweli. Ni ada ya watunzi wa tenzi kufungua kwa kuomba karatasi, wino na kalamu, na kuagiza viletwe vilivyo vizuri. Na ni ada kufunga kwa kutaja jina la mtunzi au mwandishi na tarehe, na kumwomba msomaji asahihishe kosa na asamehe. Mkono, wino na makosa yake vimo ndani ya shairi. Mhariri anayekata tamati ya mwandishi kwa kuwa “si sehemu ya utenzi” anakata kiungo ambacho washairi wenyewe walikiweka.

Kijumwa aliandika pia kwa malipo, na aliwajua wanunuzi wake. Hili limewafanya baadhi ya wasomi kuzionea shaka hati zake, kana kwamba mchonga milango aliyelipwa kwa mlango wake anakuwa si fundi. Sisi hatuoni shaka hiyo inatoka wapi. Kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke cha mwaka 2010 kimesaidia kuzirudisha hati hizo kwenye mkono ulioziandika, na hapa hatuna la kuongeza zaidi ya kusema kwamba kwa Kijumwa kalamu mbili zilikuwa tayari katika kiganja kimoja. Lakini alichora herufi, nakshi na mapambo. Tunatafuta pia msanii aliyechora matukio.

Tshibumba: historia katika magunia ya unga

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji ulioitwa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Alikuwa mchoraji aliyejifundisha mwenyewe, akiuza picha kwa watu wa mjini, wengi wao wafanyakazi wa migodi na ofisi, ambao walizitundika sebuleni. Alipaka rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alikutana naye mwishoni mwa mwaka 1973. Tshibumba akamwambia kwamba yeye anaweza kuchora historia yote ya nchi. Akaifanya kazi hiyo, akizileta picha kwa mafungu, na kila fungu akalisimulia kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya kinasa sauti. Kitabu cha Fabian cha mwaka 1996, Remembering the Present, kina picha 101 pamoja na masimulizi hayo yaliyofasiriwa kwa Kiingereza. Habari za Tshibumba mwenyewe zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Picha hizo 101 tunapendekeza zisomwe kama daftari moja. Zina mfuatano, zilichorwa kwa haraka, na karibu kila moja imeandikwa kwa mkono wa mchoraji: jina la tukio, mwaka, majina ya watu, na sahihi yake. Maandishi ni ya Kifaransa. Masimulizi ni ya Kiswahili. Hapa ndipo mhakiki wa Kiswahili hushawishika kugawa kazi na kuondoka na sehemu yake: Kifaransa kwa wenzetu wa idara ile, sauti kwa wanaanthropolojia, rangi kwa makumbusho. Tukifanya hivyo tunarudia lililomfika Sabatele, safari hii kwa hiari yetu.

Tuchukue picha ambayo wachoraji wengi wa Shaba waliichora mara nyingi na ambayo Tshibumba naye aliichora, Colonie belge 1885–1959. Ofisa wa Kizungu amesimama akitazama. Askari Mwafrika ameinua mjeledi juu ya mfungwa aliyelazwa chini akiwa ameteremshwa nguo. Wafungwa wengine wako kazini, wanawake wanalia, bendera iko juu ya mlingoti. Maandishi ni hayo maneno mawili na miaka miwili. Mwanahistoria wa shule atasema yana makosa. Mwaka 1885 hapakuwa na koloni la Ubelgiji. Palikuwa na dola huru ya Mfalme Leopold, mali yake binafsi, na Ubelgiji haikuichukua nchi mpaka mwaka 1908. Na utawala haukuisha 1959, kwa kuwa uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960.

Sisi tunayasoma makosa hayo kama hukumu. Mpaka wa 1908 ni mpaka wa mabunge na mikataba ya Ulaya. Kwa mtu aliyelazwa chini, mjeledi wa Leopold na mjeledi wa Ubelgiji ulikuwa mmoja, uliokatwa katika ngozi ya mnyama mmoja, na wachoraji wa Shaba wamekataa kuupa majina mawili. Kuhusu 1959, mwaka huo ndio wa mwisho ambao koloni liliumaliza kama koloni. 1960 ni wa picha nyingine, yenye jukwaa na umati na Patrice Lumumba. Herufi na tarakimu chache, ambazo mtu huzipita kama kichwa cha habari, zimebeba hoja nzima ya kihistoria ambayo kitabu cha shule kingeitolea sura mbili na kisiithubutu.

Na mjeledi hautajwi. Maandishi ya picha hayana neno kwa ajili yake, ingawa ndio ulio katikati ya kila kitu. Neno hilo limeachwa kwa mwenye nyumba. Mgeni akiketi sebuleni akainua macho, mzee wa nyumba ataanza kusema, na kwa Kiswahili cha Katanga atasema fimbo, kama vile mzee wa upande wetu angesema kiboko, na ataendelea kusimulia nani alipigwa, wapi, na kwa kosa gani. Fabian na Ilona Szombati-Fabian, katika uchunguzi wao wa miaka ya 1970, walionyesha kwamba watu wa Lubumbashi walilieleza lengo la picha hizi kwa neno moja, ukumbusho.

Neno hili wameliandika vizuri, lakini sarufi yake inatudai sisi tuliozaliwa nayo tuseme zaidi. Kiswahili kina kumbukumbu na kina ukumbusho. Kumbukumbu ni kile kilichohifadhiwa, na inaweza kukaa kabatini bila mtu. Ukumbusho umetokana na kitenzi cha kusababisha, kukumbusha. Unahitaji mwenye kukumbushwa. Bila mtu wa kukumbuka na kusema, ukumbusho haujatokea bado. Kwa hiyo picha ya Tshibumba yenye maandishi yake si matini iliyokamilika ambayo masimulizi ya Kiswahili huifuata kama maelezo ya ziada. Rangi na mwandiko ni nusu ya kwanza. Sauti ni nusu ya pili. Mwandiko ni mfupi kwa sababu ukirefuka utamnyang’anya msimulizi kazi. Ni ufupi wa jina la kanga, wa kitendawili kabla ya jibu, wa neno lililo nyuma ya lori.

Mwenzetu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya aliuliza kama hatujifariji bure: pengine mchoraji aliandika kwa ufupi kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kifupi. Swali ni la haki. Ni kweli kwamba tahajia yake mara nyingi hufuata sikio kuliko kamusi. Lakini Kifaransa kilikuwa lugha ya cheti, ya mahakama na ya kibao cha ofisi. Kuandika tukio kwa lugha hiyo, kwa mwaka na mahali na sahihi, kulikuwa kulitangaza kuwa ni historia inayodai kutambuliwa, na si hadithi ya kibarazani. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na alimaanisha. Mjini humo humo mwaka 1965 André Yav alikuwa ameandika, kwa Kiswahili, historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Naye vilevile aliandika kama sikio lilivyomwelekeza. Wahariri wanaozisahihisha tahajia hizi wanafuta mdomo wa Kiswahili unaosikika ndani ya herufi za kigeni. Fabian, kwa sifa yake, hakuzisahihisha.

Pana sababu nyingine ya ufupi, nayo si ya lugha. Picha hizi zilichorwa mwaka 1974 katika Zaire ya Mobutu, nchi iliyokuwa na chama kimoja na masikio mengi. Kilichoandikwa kwenye picha kingeweza kuonwa na yeyote aingiaye nyumbani. Mwaka, jina, mahali: hakuna afisa angeweza kumkamata mtu kwa kuwa ameandika tarehe. Yaliyobaki yalisemwa, na hata yalipokuwa yakisemwa mchoraji alichagua maneno. Mhakiki anayelalamika kwamba maandishi hayasemi vya kutosha awaze kwanza nani angeyasoma.

Damu inayoandika

Katika mfululizo huu ipo picha moja inayovunja mpaka wa pambizo, ile ya kifo cha Lumumba. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji ambao Tshibumba, akiwa mtoto, alikuwa akiishi. Picha inaonyesha miili mitatu ikiwa imelala chini, na nyuma yake misalaba mitatu. Lumumba ana jeraha ubavuni, na mkristo yeyote wa Lubumbashi aliyelitazama alijua lilitoka katika Injili gani. Damu inatiririka kutoka jeraha hilo, na juu ya udongo inaandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja.

Hapa hatuwezi tena kusema picha iko kule na maandishi yako huku. Mwandiko umetoka pembezoni, umeingia katika tukio, umekuwa kitu kimojawapo cha tukio hilo. Anayeandika ndani ya picha ni maiti; anayeandika juu ya gunia ni Tshibumba; na herufi ni zile zile. Wanafunzi tuliowaonyesha picha hii darasani waligawanyika. Wengine waliona ni ishara iliyotiwa chumvi, neno lililolazimishwa mahali ambapo damu peke yake ingetosha. Tunakiri kwamba tukiitazama kama picha tu, pingamizi hilo lina nguvu. Damu haiandiki.

Lakini tuizingatie miili. Wauaji walihakikisha kwamba haibaki. Ilichimbuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Hapakuwa na kaburi, kwa hiyo hapakuwa na jiwe la kuandikwa jina. Mwaka 2001 kamati ya bunge la Ubelgiji iliikuta nchi hiyo na dhima ya kimaadili katika yaliyotokea, na Juni 2022 Ubelgiji iliikabidhi familia ya Lumumba jino moja, ambalo ndilo lililobaki. Tshibumba alipochora mwaka 1974 hata jino hilo halikuwa limetajwa hadharani. Misalaba yake mitatu ilisimama mahali pa kaburi lisilokuwapo, na neno lililoandikwa kwa damu lilikaa mahali ambapo familia nyingine huandika jina na miaka. Kwa kipimo hicho hatuoni kwamba limelazimishwa. Mtu ambaye hakuachiwa jiwe ameandika juu ya ardhi.

Matini iko wapi

Limebaki suala la vitendo, na ni la idara kama yetu. Picha alizozikusanya Fabian ziko Amsterdam, katika makumbusho yaliyokuwa yakiitwa Tropenmuseum. Masimulizi yamo kwa Kiingereza katika kitabu cha 1996. Mazungumzo yenyewe ya Kiswahili, yaliyonukuliwa kutoka kwenye kanda, yamewekwa katika hazina ya maandishi ya Kiswahili cha watu kwenye intaneti. Kwa hiyo kazi ambayo tumedai ni moja imehifadhiwa katika sehemu tatu na lugha tatu, na mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana kwanza na ile iliyo mbali zaidi na kinywa cha mtunzi. Tumewaona wanafunzi wakimnukuu Tshibumba kwa Kiingereza katika tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, wakiurudisha Kiswahili chake kwa kukisia, na Kiswahili hicho kikatoka sanifu, kisicho na Lubumbashi ndani yake.

Pingamizi la kawaida ni kwamba Kiswahili cha Shaba hakifundishiki, kwamba kimechanganyika, kwamba wanafunzi wetu wa Makueni au Morogoro hawatakielewa. Tumejaribu. Wanafunzi walipewa nakala ya picha ya Colonie belge na ukurasa mmoja wa mazungumzo bila fasiri. Saa ya kwanza walilalamika. Saa ya pili mmoja wao, mtoto wa dereva wa malori, alianza kusoma kwa sauti badala ya kusoma kwa macho, na darasa likafuata. Maneno yaliyoonekana ya kigeni kwenye karatasi yaligeuka kuwa ya kawaida sikioni, hasa pale msimulizi anapositasita, anapojirudia, na anapocheka mahali ambapo msomaji wa fasiri hawezi kujua kwamba palikuwa na kicheko. Baada ya hapo waliirudia picha, wakaanza kubishana kuhusu ile 1959.